Doa Lenye Jalada

Idara ya Uratibu wa Mambo Mtambuka inayo heshima kuutangazia umma kwamba, baada ya majuma matatu ya juhudi zisizo na kifani, doa la mafuta lililokuwa kwenye njia ya magari mbele ya jengo letu limeondolewa. Mimi ndiye niliyekuwa Katibu wa Kamati Maalumu. Kwa kuwa mitaani watu wameanza kulisimulia jambo hili kwa vicheko, kila mmoja akitia chumvi yake, nimeona nilieleze kwa utaratibu, bila kumcheka mtu.

Njia yenyewe ni ya zege. Inaanzia getini, inapanda kidogo, inakomea kwenye ngazi za mlango mkuu. Ubavuni mwa ngazi kuna nafasi moja ya kuegesha, imepigwa mistari ya njano, na ukutani pana kibao: MKURUGENZI TU. Doa lilikuwa hapo hapo. Jeusi, la mviringo, upana wa sinia kubwa. Kila asubuhi saa mbili na robo gari la Mkurugenzi lilikuja kulifunika, na kila jioni saa kumi likaondoka na kuliacha limenenepa kidogo.

Idara nzima ilijua linatoka wapi. Mlinzi alijua, karani wa masjala alijua, hata paka wa stoo alijua, maana alikuwa ameacha kulala chini ya gari lile. Lakini kujua ni jambo moja na kuwa na taarifa rasmi ni jambo jingine. Taarifa rasmi hatukuwa nayo.

Mkurugenzi peke yake ndiye hakuwahi kuliona doa. Hilo si la kumlaumu. Kila alipokuwepo yeye, gari lake lilikuwa juu ya doa.

Mambo yalibadilika siku ilipokuja barua kutoka wizarani kwamba Katibu Mkuu mpya angetutembelea baada ya majuma matatu. Mkurugenzi alitoka nje kukagua mandhari, sisi wakuu wa vitengo tukimfuata kwa mpangilio wa vyeo. Gari lilikuwa limepelekwa kujazwa mafuta. Akasimama mbele ya nafasi yake mwenyewe, akainama kidogo, kadiri tumbo lilivyomruhusu.

"Hiki ni nini?"

Tukatazamana. Tulikuwa wanane, na wote tuna shahada.

"Ni hali, Mheshimiwa," nikasema.

"Nani ameileta?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, kwa mfagizi aliyekuwa akifuta ngazi.

"Ni oili hiyo, bosi. Nipe maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu. Saa moja tu, naitoa."

Mkurugenzi akamtazama kama mtu aliyesemeshwa na ufagio. Kisha akatugeukia sisi. "Mnamsikia? Anataka kufuta! Likifutwa, tutajuaje limetoka wapi? Hili si doa tena, mabwana. Hili ni Suala. Na Suala halifutwi, linashughulikiwa. Naunda Kamati."

Hapo ndipo nilipoteuliwa. Nilishukuru kwa niaba ya familia yangu, ingawa sehemu kubwa ya familia yangu ilikuwa imesimama pale ngazini, imeshika tambara.

Naomba nilieleze na hili. Mfagizi yule ni shangazi yangu. Ni dada yake baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Ada yangu yote ya shule ilitoka kwenye magoti yake, kwa maana alisugua sakafu za watu mpaka yakaota sugu. Kazini hatukujuana. Mwongozo wa Idara unakataza watumishi wenye undugu kuonyesha dalili za undugu saa za kazi, kwa hiyo yeye aliniita bosi na mimi nilimwita Mtumishi wa Usafi. Shikamoo yake nilikuwa namlimbikizia mpaka jioni.

"Shikamoo, shangazi," nilimwambia siku hiyo nilipompitia nyumbani kwake.

"Marahaba, Mheshimiwa Katibu wa Doa." Alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anayakanda magoti. "Haya, mmelifanya nini?"

"Tumelifungulia jalada."

"Likakubali?"

Nikavua viatu, nikaketi.

"Sikiliza, baba. Zege lina kiu. Oili ikimwagika, ukiwahi, unainyonya kwa majivu au unga wa mbao, unasugua, yamekwisha. Ukichelewa, zege linakunywa. Kila siku mnayokaa kwenye mkutano, lenyewe linakunywa."

Nilimweleza kwamba ushauri wake ungepokelewa ukiletwa kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wake wa kazi. Akasema mkuu wake wa kazi amekwenda semina ya usafi.

Kikao cha kwanza cha Kamati kilijadili jina. Wajumbe wawili walipinga neno doa kwa kuwa linahukumu. Mmoja alipendekeza baka, mwingine akasema baka ni la mwilini. Baada ya saa tatu na chai mara mbili tukaafikiana: Badiliko la Rangi Lisiloidhinishwa. Tukalizungushia utepe, tukaweka kibao cha USIKANYAGE SUALA, na mlinzi akaondolewa getini ili alilinde. Kwa siku hizo geti lilibaki wazi na mbuzi wa jirani waliingia wakala maua yote, lakini Suala halikuguswa.

Kwa kuwa nafasi yake ilikuwa ndani ya utepe, Mkurugenzi akawa anaegesha pembeni. Siku ya tatu mlinzi alinijia mbio, amevua kofia.

"Katibu, limezaa."

Nikaenda kuangalia. Kweli, kando ya doa kubwa kulikuwa na dogo, jeusi, bado bichi, linang'aa. Niliandika kwenye muhtasari kwamba Suala limeonyesha uwezo wa kuongezeka. Kamati iliketi kwa dharura, na mjumbe kutoka Kitengo cha Takwimu akachora mchoro kuonyesha kwamba kwa kasi ile, kufikia mwisho wa mwaka lingekuwa limefika barabarani.

Dereva wa Mkurugenzi alinisubiri nje ya ukumbi. Tulimwita Breki, kwa sababu husita kabla ya kila sentensi.

"Katibu... hivi... mnajua kabisa kwamba ni gari, sivyo?"

"Kamati haijafikia hatua hiyo."

"Injini inavuja. Mimi... nimeandika barua tatu ili lipelekwe gereji."

"Zikajibiwa?"

Akatoa karatasi tatu mfukoni mwa shati, zimekunjwa mara nne. Chini ya kila moja palikuwa na maandishi ya wino wa kijani, ambao katika jengo lote hutumiwa na mtu mmoja tu. Ya kwanza: "Gari la Mkurugenzi haliwezi kuvuja. Rekebisha lugha." Ya pili: "Usichafue taswira ya Ofisi." Ya tatu ilikuwa fupi zaidi: "Nikiona barua nyingine ya namna hii, utatembea kwa miguu."

Nilimrudishia. Akakataa kuzipokea. "Kaa nazo... wewe ni Katibu," akasema, akaenda zake kufuta vioo.

Wiki ya pili aliletwa Mtaalamu Mwelekezi, bwana mmoja wa suti ya buluu asiyekaribia doa kwa chini ya hatua tano. Alilitazama kwa muda, akasema neno lake kubwa: maji ya mkandamizo. Likaletwa gari la zimamoto. Shangazi alitupa ufagio, akaja mbio hadi kwenye utepe.

"Jamani, msianze na maji! Yanyonyeni mafuta kwanza! Mtalitembeza!"

"Mtumishi wa Usafi," nikamwambia kwa sauti ya kazi, huku Mkurugenzi akinitazama, "rudi nyuma ya utepe."

Akanitazama mara moja tu. Akarudi nyuma. Mpaka leo nalikumbuka lile jicho kuliko maji yenyewe, na maji yenyewe hayakuwa haba. Yalipiga, mafuta yakainuka, yakateremka na njia mpaka getini yakiwa na rangi zote za upinde wa mvua. Wajumbe wengine walipiga makofi. Zege lilipokauka, doa lilikuwa na urefu wa hatua thelathini. Nikaandika: Suala limepungua unene.

Basi ikaamriwa rangi. Njia yote ikapakwa rangi ya kijivu, ngazi hadi geti, kazi ya siku mbili. Ikapendeza kweli, kwa saa ishirini. Kesho yake mafuta yalipanda juu ya rangi kama jasho kwenye shati, rangi ikavimba, ikaanza kubanduka na kunasa kwenye matairi na nyayo. Mkurugenzi aliingia nayo ofisini bila kujua. Alipogeuka mezani pake akaona nyayo za kijivu zikimfuata kwenye zulia lote mpaka kwenye kiti chake, na hakukuwa na mtu mwingine wa kusingiziwa nyayo zile.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na muhtasari. Niliona uso wake ukibadilika kutoka hasira kwenda kwenye fikra, na fikra zake zilikuwa hatari zaidi.

"Yule mwanamke wa ufagio," akasema taratibu. "Siku ya kwanza kabisa alisema anajua namna ya kuliondoa. Kweli si kweli?"

"Kweli, Mheshimiwa."

"Alijuaje, kama si yeye aliyeliweka?"

Nilifungua muhtasari, nikashika kalamu.

"Andaa Taarifa ya Mwisho," akaendelea, sasa akitembea huku na huko na kuongeza nyayo. "Mapendekezo mawili. La kwanza: aliyesababisha doa aliondoe mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka liishe. La pili: likiisha, afukuzwe kazi. Taja jina lake. Na taarifa imfikie Katibu Mkuu kabla hajaja, aone sisi si watu wa mchezo."

Jioni hiyo nilikaa mlangoni kwa shangazi muda mrefu kabla ya kubisha. Nilipomweleza, hakulia wala kupiga kelele. Aliondoa chungu motoni, akakifunika, akaketi.

"Nimebakiza miezi minane nistaafu," akasema. "Minane tu."

"Najua, shangazi."

"Na taarifa utaiandika wewe."

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi andika, mwanangu. Sikukusomesha ili ukatae kazi. Ila mimi pia nina mdomo. Andika na ninayoyasema mimi, kama ninavyoyasema, usiyapake rangi."

Nikatoa kalamu. Akasema, nikaandika. Alisema doa limetoka wapi, lilianza lini, dereva alilalamika mara ngapi, na linatolewaje. Yote yalienea ukurasa mmoja na nusu. Katika miaka kumi na mmoja ya utumishi sikuwahi kuandika kitu kifupi namna ile.

Taarifa ya Mwisho ilifika kurasa themanini na sita. Ilikuwa na utangulizi, dibaji ya utangulizi, hadidu za rejea, faharasa ya vifupisho na viambatisho kumi na kimoja. Mkurugenzi aliipima mkononi akaridhika na uzito.

"Mbona hapa kwenye mapendekezo hakuna jina?" akauliza. "Umeandika 'msababishaji, kama anavyoonekana katika Kiambatisho cha Kumi na Moja'."

"Mheshimiwa, kumtaja mfagizi katikati ya taarifa yenye sahihi yako, niliona kama kunaishusha hadhi."

Akafikiri. Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa heshima. "Umekua, Katibu. Na hicho kiambatisho kina nini?"

"Maelezo ya Mtumishi wa Usafi, Mheshimiwa, na barua za dereva. Kwa ajili ya kumbukumbu."

"Vizuri. Viambatisho havisomwi, lakini vinajaza." Akatia sahihi kwa wino wa kijani.

Sikumdanganya hata neno moja. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaonung'unika.

Siku ya ziara ilifika. Jua lilikuwa kali na njia ya magari ilinuka mafuta na rangi. Mkurugenzi aliamuru gari lake liegeshwe juu ya doa kubwa na sisi wakuu wa vitengo tupangwe juu ya yaliyobaki, viatu vimeshikana, ili zege lisionekane. Kikundi cha kuimba kilisimama juu ya lile dogo.

Katibu Mkuu alishuka. Alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na kwapani amebeba taarifa yetu. Nilipoona vipande vya karatasi vimechomoza pembeni yake kila baada ya kurasa chache, nilikaza tai. Kumbe wizara ilikuwa imetuletea kiongozi mwenye kasoro ambayo hakuna aliyetuonya: alikuwa anasoma.

Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini. Alisema Idara imepambana na Suala kisayansi, kimazingira na kizalendo. Katibu Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani.

"Nakupongeza, Mkurugenzi. Kurasa themanini na sita! Sijapata kuona idara iliyolijua doa kiasi hiki."

Mkurugenzi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi.

"Nimekipenda hasa Kiambatisho cha Kumi na Moja. Aliyetoa maelezo haya yuko wapi?"

Watu wakapisha. Shangazi alikuwa nyuma kabisa, karibu na bomba, maana hakuwa kwenye orodha ya mapokezi. Akaja na ndoo yake mkononi.

"Mama, shikamoo," alisema Katibu Mkuu, na pale mbele tukasikika tukimeza mate. "Doa hili litakuchukua muda gani?"

"Marahaba, mwanangu. Lilikuwa la saa moja. Ila sasa wataalamu wameshalishughulikia, nipeni siku mbili."

Breki alicheka. Hakusita hata kidogo, alicheka tu. Katibu Mkuu yeye hakucheka. Alifungua ukurasa wenye kipande cha karatasi chekundu.

"Sasa, Mkurugenzi. Pendekezo lako la kwanza, kwamba msababishaji aliondoe mwenyewe kwa mikono yake, nimelipitisha kama lilivyo. Msababishaji nimemwona kwenye kiambatisho, kama ulivyonielekeza. Mwandiko wake ni wa kijani."

Mkurugenzi akaisukuma kalamu yake ndani zaidi ya mfuko.

"Lakini hekima kama hii isikae kwenye jengo moja," akaendelea, sauti ile ile ya upole. "Hapa mama ataweza. Wewe wizara inakuhitaji kwenye yadi yetu ya magari mabovu. Sakafu yote pale ni zege, uwanja mzima, na tangu ijengwe hakuna aliyeifanyia utafiti. Kuanzia Jumatatu wewe ndiye Mkuu wa Kituo. Gari lako litavutwa hadi huko, nalo libaki huko huko."

"Na... na wasaidizi, Mheshimiwa?" Mkurugenzi alisema, sasa akisita kuliko dereva wake.

"Umeandika 'kwa mikono yake'. Hukuandika 'mikono yao'."

"Na lile pendekezo la pili?"

"La pili litasubiri matokeo ya la kwanza," akasema Katibu Mkuu, akavua miwani, akaomba maji ya kunywa.

Gari lilivutwa mchana ule. Shangazi alinitazama, akatazama njia yote iliyochafuka kutoka ngazi hadi geti, akashusha pumzi. Nilivua tai. Wakuu wa vitengo wote walikuwa pale wamesimama, na Mwongozo wa undugu ulikuwa bado haujafutwa.

"Shikamoo, shangazi," nikasema kwa sauti. "Nianzie wapi?"

"Marahaba. Chemsha maji."

Tulikwangua rangi kwanza. Tukamwaga majivu na unga wa mbao, tukayaacha yanywe, tukafagia. Kisha akakoroga sabuni ya unga na maji kidogo mpaka ikawa nzito kama tope, akaipaka juu ya weusi, akaifunika kwa nailoni usiku kucha. Asubuhi tukasugua kwa brashi na maji ya moto, tukasuuza, tukarudia. Siku ya pili alasiri zege lilikuwa jeupe kiasi kwamba mlinzi alivua viatu kupita. Nililiandika jambo hilo kwenye jalada kwa sentensi moja, nikalifunga.

Jumatano iliyofuata simu ya mapokezi ililia, nikainyanyua mimi. Sauti niliijua, ingawa ilikuwa imepungua unene.

"Katibu, habari za huko? Eeh... yule mama. Yule mama yupo karibu?"

Nikampa simu shangazi. Alijifuta mkono kwenye kanga, akaiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu.

"Majivu umemwaga?" akauliza. "Vizuri. Sabuni? Vizuri. Sasa unasugua umesimama? Hapana, baba, ndiyo maana halitoki. Piga magoti."

Kisha tukasikia sauti ya Mkurugenzi ikiuliza, ya mbali, ya mtu aliyekuwa tayari anainama:

"Yote mawili?"